Tumebakiwa na Sauti Mbili

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Otari, Mkuu wa Afya wa Mkoa; daktari wetu; wauguzi; na ndugu mliopanda ngazi kwa sababu lifti imegoma tena:

Karibu. Sisi wagonjwa wa kiharusi wa ghorofa ya tatu tumefurahi kukuona. Anayesoma ni Lamara, karani wa posta. Akikwama ataimba kidogo, kisha ataendelea. Ruhusa kucheka, sisi wenyewe tunacheka.

HISTORIA YETU

Tuliletwa hapa hatuwezi kusema. Tulijua tunachotaka, lakini mdomo ulikataa amri. Vazha, fundi bomba, ndiye aliyetangulia kupata neno, nalo lilikuwa tusi, alilompa daktari wakati wa sindano. Daktari alimkumbatia. "Rudia, mzee wangu, rudia!" Vazha alirudia mpaka padri alipoingia.

Kisha muuguzi Guliko akawa anatandika vitanda huku anaimba wimbo wa mezani, ule wa karamu zetu. Tukamdakia. Watu tulioshindwa kuomba maji tuliimba ubeti mzima, kwa sauti tatu, kama karamuni. Daktari alitueleza: upande wa ubongo unaotunza maneno umeumia, lakini wimbo unakaa zaidi upande wa pili. Barabara kuu ikikatika, ubongo unajichongea njia ya mchepuko, mradi upitishwe hapo kila siku.

MAFANIKIO

Guliko alitufundisha kuimba shida zetu: supu, blanketi, choo. Wimbo wa choo ni mtamu kiasi kwamba wodi ya mifupa hufungua madirisha. Taratibu tuliacha kuimba, na maneno yakabaki. Risala hii ni ushahidi.

CHANGAMOTO

Ya kwanza ni kupona. Ushangi, aliyeshika besi, ile sauti nzito ya chini, alipona akaruhusiwa, akagoma kuondoka. Mkewe akaja na koti.

"Ushangi, twende! Zabibu zinaozea shambani!"

"Na besi atashika nani, mama watoto?"

"Kwani umeolewa na hawa?"

Akaburutwa. Tangu hapo tunaimba sauti mbili, aibu ambayo kwetu hata walevi hawaifanyi.

Ya pili inatuuma. Jumatatu Guliko anahamishiwa chumba cha kufulia mashuka, na chumba chetu cha kuimbia kinageuzwa kuwa cha mapumziko ya wageni rasmi. Samahani, Mheshimiwa, kibao kimeshabandikwa. Sisi tumeshavuka. Lakini juzi aliletwa Natela, mama mwenye binti mdogo, na hana neno hata moja. Jana, akiwa na Guliko, aliimba jina la bintiye. Tulilia wote, hata Vazha. Guliko akiondoka, Natela ataishia hapo.

OMBI

Tunasikia barua huwa unazisoma baadaye. Kwa hiyo ombi letu tumelitia kwenye wimbo. Kiitikio chake ni maneno mawili tu: Guliko abaki. Natela ataanzisha kwa jina la bintiye, Vazha atashika sauti ya kati na ameahidi kutotukana. Besi hatuna. Wewe ni mtoto wa huku, umekulia kwenye meza zilezile. Unajua besi inaingilia wapi, na unajua anavyosemwa mwanamume anayewaachia wenzake wimbo ukining'inia. Ukishaimba, tutahesabu umeamua. Daktari ni shahidi.

Mungu akupe umri, mizabibu yako izae, na damu ya kichwani mwako ipite bila foleni.

Ni sisi, Waimbaji wa Ghorofa ya Tatu.

Mheshimiwa, tafadhali simama. Natela, anza.