Darubini ya Abu Nizar

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, Bwana Ribhi Daraghmeh, dereva wetu ambaye sote tunamwita Abu Nizar, anakabidhi funguo za gari baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika ofisi hii ya Wamarekani.

Alianza kazi enzi zile ambapo hapa Jerusalem kila mtu aliapa amani ingefika kabla ya Krismasi. Kila ofisa mpya aliposhuka kutoka Washington, Abu Nizar alimpeleka kijijini kwake Beit Sarura, hadi kwenye mizeituni aliyoachiwa na babake kilimani, akamkabidhi darubini. Ng'ambo ya bonde, mbali kabisa, vilionekana vijumba vya magurudumu vya walowezi. Mgeni alitazama, akakunja uso, akatangaza kwamba Marekani ina wasiwasi.

"Mheshimiwa," Abu Nizar alikuwa akimwambia, "ukimaliza wasiwasi, kahawa inapoa."

Serikali zilibadilika kule Washington. Moja iliyaita makazi yale haramu, nyingine kikwazo, nyingine ikasema tu kwamba hayasaidii, na moja haikuona tatizo lolote. Kahawa ilibaki ileile, yenye iliki. Nyumba nazo zilivuka bonde na kuanza kupanda kilima, hata bohari ya ofisi ikaichukua darubini kwa kuwa haikuhitajika tena, zikionekana kwa macho matupu. Ofisi ikapewa cheti cha kubana matumizi. Sitanii, kimetundikwa karibu na lifti.

Siku moja ofisa kijana alimwona mama mmoja akianika nguo upande wa pili, akauliza kama yule ni jirani.

"Kwa sasa ndiyo, habibi," akajibiwa. "Mwakani huenda nikawa mgeni wake."

Abu Nizar aliuchagua mwezi huu kustaafu ili kwa mara ya kwanza avune zeituni pamoja na mkewe, Umm Nizar, bila kuomba ruhusa kazini. Masika yaliyopita uzio wa jeshi ulipita kati ya nyumba yake na kilima. Sasa mizeituni iko upande wa pili, na ruhusa ya kuifikia anaiomba jeshini. Hajajibiwa. Sisi tulitoa tamko, na wasiwasi wetu ukapandishwa cheo ukawa wasiwasi mkubwa. Nililitafsiri mimi mwenyewe, na niliona aibu.

Kamati ya zawadi ilibishana wiki nzima, saa ya ukutani au seti ya vikombe. Mwishowe tukamwuliza mwenyewe.

"Nipeni ile darubini," akasema. "Nikipanda juu ya paa, nitaiona miti yangu."

Bohari wameitafuta, wameipangusa vumbi, na leo tunamkabidhi.

Asante, Abu Nizar, kwa safari zote na kwa kahawa tusiyostahili. Tunakuombea wewe na Umm Nizar uzee wenye afya, na msimu ambao utairudisha darubini hii boharini kwa kuwa huihitaji tena, mikono yako ikiwa imejaa zeituni.