Plasta za Griffins

MAKENA: Haloo? Nani mwenzangu?

PERIS: Ni mimi, Peris. Simu yangu Griffins ameivunja, hii ni ile ya zamani.

MAKENA: Mbona unanong'ona? Niko kazini wadi, nina dakika mbili tu—

PERIS: Nimejifungia bafuni.

[Kishindo.]

MAKENA: Nini hiyo?

PERIS: Griffins. Anapiga mlango mateke.

MAKENA: Si ulisema bwanako ametulia tangu—

PERIS: Siku kumi na moja bila sigara. Leo nimepata pakiti kwa koti yake, nikaimwaga chooni. Amechizi. Amenipiga na birika.

MAKENA: Alikuwa anakupiga hata akivuta. Usiniambie ni sigara.

PERIS: Daktari alimwambia hasira ikipanda apigie kliniki. Hata mimi aliniita kando, akaniuliza kama niko salama nyumbani.

MAKENA: Ukasema?

PERIS: Nikasema niko sawa.

MAKENA: Aki wewe. Unatoka damu?

PERIS: Juu ya jicho. Nimebandika plasta. Lakini moyo unaenda mbio, Makena, na nimetapika mara mbili—

MAKENA: [Mtandao unakwaruza.] —ngapi? Plasta ngapi?

PERIS: Nne. Kidonda ni kikubwa.

MAKENA: Umezitoa wapi?

PERIS: Hapa kwa kabati. Zile alipewa na daktari.

MAKENA: Bandua. Zote, sasa hivi. Hizo ni dawa ya kuacha sigara, zinaingia kwa damu, na nne pamoja ni sumu.

PERIS: Si ni plasta? Wewe mwenyewe uliziita plasta.

MAKENA: Niliziita plasta, ndiyo. Kosa ni langu. Osha na maji, usiweke sabuni. [Kwa nesi mwenzake.] Marion! Pigia 999, ni dada yangu, yuko nyumbani kwake Tooting. Ambulensi na polisi.

PERIS: Polisi hapana, Makena, atani—

[Kishindo. Mbao inapasuka.]

MAKENA: Umebandua?

PERIS: Mbili. Vidole havishiki. Naona giza, Maken—

[Simu inaanguka. Maji yanatiririka.]

MAKENA: Peris? Peris, niongeleshe.

GRIFFINS: Shem.

MAKENA: Mpe dada yangu simu.

GRIFFINS: Amelala hapa chini. Haongei.

MAKENA: Toa hizo mbili usoni kwake, Griffins. Halafu ufungue mlango wa nje, wanakuja.

GRIFFINS: Amemaliza boksi ya plasta zangu, shem. Sasa mimi nitaachaje?

[Laini inakatika.]