Mama Agnella, Mshonaji wa Gauni la Nyamizi

Tarehe 30 Juni 1998, Mama Agnella Stanislaus anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya ushonaji hapa Kibaoni kwa miaka ishirini na sita. Alikuja kutoka Sanje akiwa mama kijana, akaanza kwa kutia vifungo kwenye sare za shule. Anaondoka akiwa fundi mkuu.

Wengi wetu tunaukumbuka mwaka 1993, majora ya kwanza ya kitambaa cha kuvutika yalipofika, yamechapwa maua makubwa ya rangi ambazo hatukuwa tumezizoea. Cherehani ziliruka mishono, na nyuzi zilikatika ovyo. Gauni alilojishonea Mama Agnella lilimpasukia kwapani kwenye mazoezi ya kwaya. Alijitupia kanga mabegani, akaimba mpaka mwisho, na asubuhi akaja nalo kazini kulifumua huku akicheka. Aliharibu na kurudia mpaka akapata njia: sindano ya ncha butu, na mkono unaokivuta kitambaa kidogo tu kinapopita. Akatufundisha sote, kisha akawafundisha akina mama wanaoshonea nyumbani.

Aliyeketi jirani naye miaka hiyo alikuwa mshonaji mwenzetu Nyamizi Ndaki. Mwaka 1994 Nyamizi alipata ugonjwa wa moyo. Wiki hii amevimba miguu na tumbo, wiki ijayo amekonda. Nguo zake zote zikamkataa, naye akaacha kuja kazini kwa kuona haya. Mama Agnella alimfuata nyumbani Lipangalala, akatoa utepe wa kupimia. Nyamizi akausukuma kando.

"Usinipime, dada," alimwambia. "Vipimo vya leo, kesho si vyangu."

Mama Agnella aliukunja utepe. Alimshonea bila vipimo gauni la kuvutika, lisilo na zipu wala mkanda, la maua ya manjano aliyoyachagua Nyamizi mwenyewe. Jumatatu iliyofuata Nyamizi aliingia karakanani amelivaa, akaketi mahali pake, akashona mpaka mchana. Alikuja hivyo kila alipopata nguvu. Februari 1995 alifariki, na Mama Agnella ndiye aliyemvisha gauni hilo kwa mara ya mwisho.

Baada ya msiba wateja walikuja kuulizia gauni la namna ile. Aliwakatalia kwa upole, akisema kitambaa kimekwisha, ingawa sote tulikiona kabatini. Hakuna aliyemsahihisha. Alikataa hivyo hadi siku alipokuja Rosa, aliyekuwa jirani wa marehemu Nyamizi, ametoka kufanyiwa upasuaji, amejifunga shuka kwa sababu hakuna nguo iliyomtosha. Mama Agnella alimtazama, akaenda kabatini, akalitoa jora. Alikata huku machozi yanamdondoka. Tangu hapo hakumkatalia mtu. Wajawazito na wagonjwa kutoka pande nyingi za bonde letu wamevaa gauni la Nyamizi, maana ndivyo Mama Agnella alivyotaka liitwe.

Sasa macho yake yamechoka, na anarudi Sanje kwa ndugu zake.

Mama Agnella, asante kwa mikono yako na kwa subira uliyotuonyesha. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na majirani wanaobisha hodi. Ulituomba tusilie leo. Tumejitahidi, Mama, tumeshindwa. Nenda salama.