Dada Waya na Printa Iliyopotelea Mezani

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika hospitali yetu, Dada Waya anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake halisi lipo kwenye kitambulisho, lakini ukilitaja koridoni watu watakuuliza unamtafuta nani.

Alianza masijala kama mpiga chapa. Kompyuta zilipoletwa, wengi wetu tulizifunika vitambaa kama makochi ya wageni. Yeye alizifunua, akaomba kwenda kusoma, akarudi fundi. Waya ni zile alizokuwa akizining'iniza shingoni kila alikokwenda. Siku hizi printa zetu hazina waya, ila jina limegoma kustaafu.

Wengi tutamkumbuka kwa Jumatatu ile kule maabara. Mama mjamzito alikuwa akivuja damu, daktari wa upasuaji anasubiri majibu ya vipimo, na kompyuta imeshikilia kwamba haioni printa yoyote. Printa yenyewe ipo pale pale mezani, taa zinawaka! Huyu anaizima na kuiwasha, yule anaipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

Dada Waya aliingia, wala hakuigusa.

"Andikeni kwa mkono, mtu akimbize majibu," alisema. "Printa haina mimba."

Mkuu wa maabara akaandika, akatia sahihi, muuguzi akatoka mbio. Hapo ndipo Dada alipovuta kiti. Kumbe mwishoni mwa wiki kifaa cha intaneti kilikuwa kimebadilishwa. Kompyuta ilikuwa imeunganishwa na mtandao mpya, lakini printa bado ilikuwa ikiutafuta ule wa zamani uliokwishang'olewa. Akaiingiza printa kwenye mtandao mpya, akaifuta kwenye kompyuta na kuiongeza upya. Karatasi ikatoka. Tulipoanza kupiga makofi, yeye alikwishafika mlango wa chumba cha upasuaji kuulizia hali ya mgonjwa.

Mama alipona, na binti yake pia. Wiki hiyo hiyo Dada aliubana uongozi mpaka ukakubali: mtandao usibadilishwe tena bila printa za kila idara kujaribiwa kwanza, na maabara iwe na waya wa akiba wa kuunganishia printa.

Si kwamba ni mpole sana. Ukiweka chai karibu na kibodi, utasikia habari yako. Lakini ni mwalimu. Aliponielekeza namna ya kuunganisha printa yetu ya masijala, alifunga mikono nyuma muda wote ili nisimsukumie kazi. Leo naweza.

Shemeji, tumesikia kwamba televisheni ya nyumbani imekuwa ikimsubiri fundi kwa muda mrefu. Tuwie radhi, tulikuwa naye sisi. Tunakurudishia mkeo akiwa mzima, akiwa amechoka, na akiwa anapendwa.

Asante sana, Dada. Lala mpaka jua lipande. Tunakuombea afya, utulivu na siku ndefu za furaha, na simu ukiizima, hatutanuna.