Sahani Yangu Iliwekwa Nje

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu. Nikitazama chini, mnivumilie.

Nilikuwa nakaa kwa kaka yangu mkubwa, hapa Bunia. Kwetu wanaume wote walikula pamoja, bugali moja, bakuli moja la sombe, yale majani ya muhogo. Korona ilipofika tukaambiwa tubaki nyumbani, kaka akasema kila mtu na sahani yake. Sikupinga. Lakini nani alitumwa sokoni kutafuta unga na samaki? Ni mimi. Na kwa kuwa nilitoka sokoni, sahani yangu iliwekwa nje, juu ya tofali. Samaki niliyembeba mwenyewe, nilipewa mchuzi wake tu.

Nikazoea kula haraka, kabla kuku hawajafika. Nawaambia, mtu mzima akila vile muda mrefu, hawezi tena kula mbele ya watu.

Ugonjwa ukatulia. Wote wakarudi kwenye bakuli moja, sahani yangu ikabaki nje. Nilipomuuliza mke wa kaka, alicheka: "Weye si ulishazoea, shemeji?"

Nikangoja siku yangu. Nilingoja kwa furaha, siwafichi.

Ndipo baba mkubwa wetu, aliyetulea, akaja kutoka kijijini Aveba na wazee wawili. Kaka akaniita kwa sauti tamu, niketi nao. Nikachukua sahani yangu, nikaenda nje kwenye tofali. Muzee akauliza sababu, "Mutoto, juu ya nini unakula kule?"

"Papa, njo fasi yangu," nikamwambia, maana hapo ndipo palikuwa mahali pangu. "Tangu korona, sahani yangu banaiwekaka huku."

Muzee akaondoa mkono kwenye bakuli. Wenzake pia. Kaka hakuinua macho. Mimi nilikula polepole mpaka nikamaliza, na sijala tena chakula kitamu kama kile.

Kesho yake nilihama. Nilipokuja kwenye kundi hili la maombi, sikuweza kumeza kitu mbele yenu. Hamkunilazimisha. Mliniachia nafasi kwenye bakuli kila Jumapili, mpaka mkono wangu ukaenda wenyewe. Asanteni sana, hasa mama uliyekuwa unanisogezea maji ya kunawa.

Somo langu ni hili: ugonjwa ukikulazimisha kumtenga mtu, siku unapoisha, mwite wa kwanza.

Mnaniambia nimsamehe kaka. Namwomba Mungu anisaidie, lakini bado sijaweza. Juzi alituma mtu kuuliza kama atakaribishwa kula kwangu. Sijajibu. Acha naye angoje kuitwa.