Papa Djamali, Aliyeufundisha Ukumbi Wetu Kunyamaza

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Papa Djamali anastaafu baada ya kuitumikia redio yetu ya Kasongo miaka ishirini na saba. Aliingia kama mlinzi wa lango. Anatoka akiwa mkubwa wa protokole: anapokea wageni, anawaketisha, na zaidi ya yote anawanyamazisha bila kumkosea mutu heshima.

Wote tunayajua maonyesho yetu ya vyombo vya sauti, kila kiangazi katika ukumbi wa redio, ambapo makanisa, misikiti na wenye baa wanakuja kuchagua bafle, yaani spika kubwa. Zamani kila muuzaji alifungulia zake mpaka mwisho, na mnunuzi alirudi nyumbani na maumivu ya kichwa tu. Papa Djamali ndiye aliyeleta desturi: mmoja anapiga, wengine wanazima, anayesikiliza anakaa, simu inabaki mfukoni. Wakaidi aliwapelekea chai ya tangawizi. Mwenye chai mdomoni, alituambia, hapigi kelele.

Lakini mimi nitamkumbuka kwa mwaka ule wa Clovis. Materinite, hospitali ya kujifungulia, iko ng'ambo ya barabara, na Mama Naomie, muuguzi mkuu wa pale, alikuwa amechoka nasi. Alituonya kwamba tukiwaamsha wamama wake waliojifungua tena, atakwenda kwa wakubwa na maonyesho yatafungwa kabisa.

Clovis, muuzaji, akafika toka Salamabila na bafle ndefu kama milango, zimefungwa juu ya pikipiki. Mama Cécilia wa Nyangwe alikuwa katika zamu yake, anaonyesha redio zake ndogo, Clovis akafungulia. Madirisha yakatetemeka. Sisi tukamwangalia Papa Djamali, tukingoja amkaripie. Badala yake alitandika mkeka, akaketi, uso kwa Mama Cécilia, mgongo kwa Clovis. Mzee mmoja akaketi karibu naye, kisha wamama wa kwaya, kisha ukumbi mzima. Clovis akabaki anaipigia migongo. Akazima mwenyewe.

Zamu ya Clovis ilipofika, Papa Djamali aligeuza mkeka na kuketi mbele yake, wa kwanza, kwa heshima ileile. Clovis akapiga wimbo wa kwaya, chinichini. Wapendwa, tuliwasikia waimbaji wakivuta pumzi kabla ya kuimba. Nilifanya ishara ya msalaba. Wimbo ulipokwisha, kilio cha mtoto mchanga kikavuka barabara, kikaingia ukumbini, na hakuna aliyetikisika.

Mama Naomie akatokea mlangoni. Tukakumbuka onyo lake.

“Nimekuja kuuliza,” akasema, “kumbe leo hamufanye maonyesho?”

Papa Djamali akasogea, akampa nafasi mkekani. Tangu hapo anakuja kila mwaka. Clovis naye, siku hizi, hasafiri bila mkeka wake.

Papa, asante. Wewe unaswali Ijumaa, mimi naenda misa Jumapili, lakini nidhamu ya kunyamaza mbele ya Mungu nimejifunza kwako. Siku ya kukuaga usishangae tukichelewa kupiga makofi: tutaketi kwanza, uso kwako. Mungu akupe uzee mtulivu, na nyumba yenye watu wa kukusikiliza.