Commandant Liévin Nkandu, Aliyetupa Makochi ya Patron

Marehemu Liévin Nkandu alizaliwa Kabalo tarehe 14 Septemba 1948, mtoto wa kwanza wa marehemu Baba Mwansa, mfanyakazi wa reli, na marehemu Mama Albertine. Alifariki hapa Lubumbashi Ijumaa tarehe 8 Machi 2019, akiwa na miaka sabini. Kati ya tarehe hizo mbili mji huu ulijifunza neno moja tu juu yake, nalo ni mwizi. Mimi Alphonse, mdogo wake, nimepewa kazi ya kusoma maisha yake mbele yenu. Mila inakataza kumsema vibaya marehemu, nami nitaiheshimu. Juu ya walio hai mila haikuniambia kitu.

Waliopokea karatasi ya ratiba wameona mstari mmoja umefutwa kwa wino. Pale paliandikwa hotuba ya patron wake wa zamani, bosi mwenye ile kampuni ya ndege. Jumatatu alituma taji la maua pana kuliko mlango wetu, lenye utepe unaosema "Kwa rubani wetu hodari", akaomba dakika tano za kuzungumza. Miaka ishirini na miwili alimwita mwizi, na sasa alitaka kumsifu, kwa kuwa maiti haijibu. Shemeji yangu Delphine alimwambia mjumbe: "Umwambie sauti yake tulisha kuisikia. Inatosha." Patron amekuja hata hivyo, na miwani nyeusi, ingawa tangu asubuhi kuna mawingu. Karibu, baba. Dakika zako tano nimezichukua mimi.

Baba yetu alipima mizigo kwenye stesheni ya Kabalo. Liévin akiwa na miaka minane alikuwa akiinua kifurushi cha msafiri kwa mkono mmoja na kutaja kilo zake, kisha Baba anakiweka kwenye mzani. Mara nyingi alikosea kilo moja, akakasirika siku nzima. Alisoma shule ya msingi kwa mapadri pale pale Kabalo, mwaka 1955 hadi 1961, akafuata sekondari hapa mjini, akamaliza mwaka 1967. Mwaka 1969 alichaguliwa kwenda kusomea urubani Kinshasa. Mama alilia juma zima, akisema mtoto wa reli anatafuta nini hewani. Alirudi mwaka 1972 na leseni yake, amenyooka kama msumari, na tabia ile ile: hakurusha ndege yoyote kabla hajapima mzigo wake.

Tarehe 17 Julai 1976 alifunga ndoa ya kanisa na Delphine. Mungu aliwapa watoto watatu: Julienne, Fils na Syntiche. Nyumbani alikuwa mpole mpaka wageni wakamdhania mgonjwa. Siku ya ubatizo wa Syntiche wajomba wote walijazana upande mmoja wa gari la kukodi kwa sababu ya kivuli. Liévin aliwashusha, akawapanga upya mmoja mmoja kwa unene wao, ndipo safari ikaanza. Walimcheka miaka mingi.

Mwaka 1991 askari na raia walipopora mji huu, kampuni aliyoifanyia kazi ilifunga milango. Alikaa bila kazi hadi 1993, akapata nafasi kwa patron huyu. Kampuni ilikuwa na ndege moja, DC-3 iliyomzidi rubani wake umri, na wakurugenzi sita. Kwenye kiti cha rubani msaidizi alikaa fundi, Ézéchiel, kwa sababu patron aliona rubani wa pili ni anasa. Karatasi ya uzito, ile inayosema ndege imebeba kilo ngapi, ilijazwa Jumatatu kwa safari zote za juma, katika ofisi ya katikati ya mji, na mtu ambaye hajawahi kubeba hata begi lake mwenyewe. Liévin alilalamika kwa barua mara tatu. Walimjibu kwamba wenzake wanaruka bila maneno.

Ninayosoma sasa sikuyasikia kutoka kwake. Nusu nimeyasoma juzi katika daftari lake la safari. Nusu nyingine nilielezwa Jumapili, siku ya tatu ya kilio, na Mama Kavugho, mfanyabiashara kutoka Butembo ambaye leo ana duka la jumla hapa mjini. Alikuja na wamama wa kanisa lake kumfariji Delphine, asijue ni kilio cha nani. Aliona picha juu ya meza akakaa chini pale pale. Alisema: "Huyu njo rubani alitushusha muzima. Mimi nilikuwaka mu ile ndege, nilikala juu ya gunia yangu ya samaki."

Ilikuwa Jumatano tarehe 29 Januari 1997. Vita vilikuwa vinashuka kutoka kaskazini, na Kalemie ilikuwa inakimbia. Patron alipeleka ndege yake huko, lakini si kuokoa watu. Alikuwa amenunua kwa bei ya bure vitu vya waliokimbia: seti tatu za makochi, friji nne, jenereta mbili. Ndege ilipokwisha kujaa, mtu wake wa uwanjani alipokea nauli, akasukuma watu thelathini na nane, wakubwa kwa wachanga, ndani juu ya mizigo bila kuandika jina hata moja. Kwenye karatasi, safari ile ilikuwa ya mizigo mitupu. Liévin alikataa kuruka mpaka makochi yashushwe. Walipokuwa wanabishana, risasi zilianza kusikika karibu na uwanja. Kumshusha mtu ilikuwa ni kumuua, na muda wa kushusha makochi haukuwapo tena. Aliruka.

Dakika ya thelathini na tano taa nyekundu ya moto iliwaka kwenye injini ya kulia. Wasiojua kazi hii wanafikiri hapo rubani hupiga kelele na kuvuta vitu huku na huku. Daftari linasema alihesabu mpaka tatu kabla ya kugusa kitu, ili asije akazima injini nzima badala ya mbovu, kosa lililokwisha kuua marubani wengi wenye haraka. Akakata mafuta ya injini ile, akageuza makali ya helisi yake, pangaboi la mbele ya injini, yakate upepo, akamwaga dawa ya kuzimia moto. Moto ukafa. Mbele, kwenye njia ya Lubumbashi, kulikuwa na milima ambayo ndege ya injini moja na uzito ule isingeipita. Nyuma kulikuwa na risasi. Akageuza polepole kuelekea Manono, ambako ardhi inashuka na uwanja upo, kiasi cha dakika arobaini na tano. Kabla ya kufika kulikuwa na safu moja ya vilima, na kila dakika ndege ilikuwa inapoteza urefu kidogo.

Wakati huo abiria walikuwa wameona helisi imesimama. Mchungaji mmoja aliyekuwa karibu na mlango wa nyuma alisimama kuomba, na sisi tunajuana: ukisikia maombi, unakwenda aliko mchungaji. Walisimama wote, wakamwendea mkiani, wakashikana mikono. Watu thelathini na nane kwenye mkia wa DC-3. Pua ya ndege ikainuka, mwendo ukapungua, Liévin akasukuma usukani mpaka ukagota na pua bado inainuka. Daftari linasema zilibaki sekunde chache kabla ya kuanguka. Mama Kavugho anakumbuka sauti yake katika kipaza sauti, haikuwa ya juu. Alisema: "Mungu iko hata huku mbele. Mwenye anaomba, aombe ku fasi yake. Mukibakia bote ku mukia, tutaanguka na Amina mu kinywa."

Walirudi. Mchungaji alirudi wa mwisho, amenuna. Kisha Liévin alimtuma Ézéchiel aufungue mlango wa nyuma na kutupa uzito, watu wanne tu wakienda mkiani kwa zamu, wengine wamekaa. Fundi aliuliza waanze na nini. Wale watu walikuwa na vifurushi tu, kilichobaki cha maisha yao. Liévin alijibu: "Anza na bya patron, njo bizito." Yakatoka makochi, zikatoka friji, zikatoka jenereta. Mchungaji mwenyewe aliisukuma friji ya mwisho kwa mguu. Walipita vilima vile Mama Kavugho akiona majani ya miti kwa jinsi walivyokuwa chini, wakatua Manono saa tisa na dakika kumi mchana. Hakuna aliyevunjika hata kidole. Abiria walimshika mikono, kisha wakatawanyika, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu, kila mmoja na vita vyake.

Patron alikuwa anangoja hapa kwenye uwanja wa Luano na malori mawili. Rubani wake alipofika juma lililofuata bila ndege na bila makochi, patron hakuuliza moto ulianzia wapi. Alisema hakukuwa na moto. Alionyesha karatasi: safari ya mizigo mitupu, uzito wa halali, abiria hakuna. Kwa hiyo, alisema, ndege haikuwa na sababu ya kupunguzwa uzito, na Liévin ameviuza vitu Manono akatunga hadithi. Wakurugenzi wote sita walitia sahihi, Liévin akafukuzwa, na leseni yake ikachukuliwa. Ndege ilibaki Manono na fundi Ézéchiel akiilinda; vita vikaimeza pamoja na injini yake mbovu, na Ézéchiel hatukumsikia tena. Mwezi wa nne mji ukatekwa, ukabadilisha watawala, ofisi ambazo zingemsikiliza zikawa tupu, na leseni yake ikabaki imefungiwa katika kabati ambalo hakuna aliyejua ufunguo wake. Uongo wa patron peke yake ndio uliofanya kazi bila kukosa siku hata moja.

Hakuruka tena. Alipata kazi ya kupima magunia ya madini katika depo moja ya mtaa wa Ruashi. Wachimbaji walipanga foleni kwake tu, mpaka mwenye depo alipomwambia alegeze mzani kidogo, naye akakataa, akafukuzwa mara ya pili katika maisha yake kwa sababu ya kilo. Baadaye alifundisha hesabu watoto wa mtaa katika lupangu lake, uani pa nyumba. Wazazi wao walimtumia watoto, lakini hawakumkaribisha harusini. Nyinyi wengine mko hapa, nawaona, na leo mmevaa vizuri sana.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2016. Alitibiwa hapa mjini, Delphine akiuza vitambaa vyake kimoja kimoja. Mwaka huu, mwezi wa pili, miguu ilivimba, akaacha kula bukari, ugali wetu, akaomba chai tu. Ijumaa alfajiri aliwaita watoto, akawauliza kama wamelala vizuri, akafa kabla hawajamaliza kujibu.

Ameacha mjane, Delphine, ambaye hakuamini uongo ule hata siku moja. Ameacha watoto watatu na wajukuu saba. Ameacha Mama Kavugho, ambaye amesimama hapa kwa hiari yake na atamjibu yeyote mwenye swali, pamoja na binti yake Précieuse, aliyekuwa na miezi miwili mgongoni mwa mama yake siku ile. Wengine thelathini na sita hatuwajui majina, maana hakuna aliyeyaandika.

Ameacha na mdogo mmoja. Mwezi wa pili wa mwaka 1997 patron alikuja nyumbani kwangu na karatasi yake yenye sahihi sita. Mimi ni mwalimu, naheshimu karatasi. Nilikwenda kwa kaka yangu nikamwambia mbele ya mke wake arudishe vitu vya watu, asilichafue jina la Baba. Hakukasirika. Aliniuliza watoto wangu wanaendeleaje, akanisindikiza mpaka barabarani. Daftari lilikuwa ndani ya nyumba ile, hatua kumi kutoka nilipokuwa nimekaa, na lilikaa humo miaka ishirini na miwili. Nilikwenda pale kila Noeli. Sikuliomba. Patron alidanganya ili afunike makochi yake, sababu chafu, lakini ni sababu. Mimi sikuwa nayo hata hiyo.

Kaka, pumzika kwa amani. Sisi tuliobaki, usituombee amani hiyo upesi.